Kaniki, Ng'ambo na maji ya kunde: maswali yenu kuhusu rangi na asili katika fasihi

Nilipoitaja Vuta N'kuvute hapa hivi karibuni, sikujua kwamba nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, na baadhi zina ukali. Nimeteua sita.

Mwalimu, shikamoo. Darasani tunaambiwa Vuta N'kuvute ni riwaya ya mapenzi na ukombozi. Mimi kila nikiisoma naona ubaguzi wa rangi. Nani amekosea? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea, ila wewe umeona jambo ambalo vitabu vya miongozo hulipita mbiombio.

Adam Shafi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1999, lakini inasimulia Unguja ya enzi za Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa. Anamkimbia. Ndugu zake wanamfungia mlango, naye anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Hapo simama kwanza, usikimbilie kwa Denge, mpigania uhuru anayependana naye.

Ng'ambo ya nini? Zamani Mji Mkongwe ulitengwa na upande wa mashariki kwa mkono wa bahari. Upande huu nyumba za mawe za Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande ule vibanda vya udongo na makuti vya waliokuwa watumwa, wachukuzi, wavuvi, Wangazija, na hata Wamanga, yaani Waarabu wa Omani, waliokuwa maskini. Maji yale yalifukiwa, daraja likaondoka, jina la Darajani likabaki, na Ng'ambo ikabaki ng'ambo. Yasmin anapohamia kwa Mwajuma, kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Kwa jamaa zake amevuka bahari. Kinachowachoma kuliko kuachana na mume ni anakoishi na watu anaokula nao sahani moja.

Kwa hiyo ubaguzi umo, lakini mwandishi hakuuweka kwenye hotuba. Ameuweka kwenye anwani. Na nikuambie ninachokiona mimi, ingawa wenzangu wengi hawakubali: anayeuvunja ukuta kwanza si Denge pamoja na siasa zake zote. Ni Mwajuma, aliyempa Yasmin hifadhi bila kujali ukoo. Ukiulizwa kwenye mtihani nani mhusika wa ukombozi, mtaje Denge upate alama zako, kisha ongeza aya moja ya Mwajuma.

(Filamu yake ya mwaka 2021 nayo itazame, ila usiitumie kujibia mtihani.)

Ule wimbo wa kumkejeli Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, unasema "kaja mjini na kaniki chini". Kaniki ina ubaya gani? Bibi yangu alilima nayo hadi uzeeni. (Msomaji, Tanga)

Bibi yako alivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi, kwa sababu haionyeshi uchafu upesi. Wale wa mjini walikuwa wanasema jambo jingine.

Unguja ya karne ya 19, nguo ilikuwa cheti. Kaniki na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, vilikuwa vazi la mtumwa. Kufunika kichwa na kuvaa viatu ilikuwa haki ya waungwana. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, mambo ya kwanza waliyoyafanya wanawake wengi walioachwa huru ni kununua kanga, na baadaye buibui. Walijua wanachokinunua.

Siti alizaliwa Fumba, akaitwa Mtumwa. Ndiyo, hilo ndilo jina alilopewa. "Siti", yaani bibi mheshimiwa, alilipata mjini baada ya sauti yake kufahamika. Sasa usikilize tena ule wimbo: "Siti binti Saadi, kawa mtu lini? Kaja mjini na kaniki chini, kama si sauti angekula nini?" Hawasemi ni mshamba. Wanasema huyu juzi hakuwa mtu. Kitenzi ni "kawa mtu", na hapo ndipo penye sumu.

Jibu lake walijua watoto wa kila mtaa: "Si hoja uzuri na sura jamali, kuwa mtukufu na jadi kubeli, hasara ya mtu kukosa akili." Tazama alivyochagua silaha. Sura jamali na jadi kubeli ni maneno yaliyotoka Kiarabu, maneno ya barazani kwa wakubwa. Anawaambia kwa lugha yao kwamba sura na ukoo wanavyojivunia si hoja, kisha anafunga kwa "kukosa akili", ambalo hata mpika maandazi analielewa. Kumbuka pia kwamba taarabu ya kasri ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikachezwa pwani nzima. Aliyeitwa Mtumwa ndiye aliyefanya Kiswahili kisikike ndani ya sanduku.

Ukitaka habari zake ndefu, Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Usome, ingawa mimi naona ana haraka mno ya kumgeuza Siti kuwa mfano wa tabia njema. Mwanamke wa kejeli zile alikuwa na makali zaidi.

Shaaban Robert alikuwa kabila gani? Hapa kazini tumebishana hadi tukakosana. (Dereva, Dodoma)

Asili yake ni Myao. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akiwa Mwislamu mwenye jina la Robert. Na huyo ndiye aliyeimba kwamba titi la mama litamu hata likiwa la mbwa, na titi alilokusudia ni Kiswahili, si Kiyao. Patanani.

Ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Namwelezaje mhusika mwenye rangi ya katikati bila kuonekana nasifia weupe? Na je, niyaache matusi kama "golo" na "gabacholi" kwenye mazungumzo ya wahusika? (Mwandishi chipukizi, Nairobi)

La kwanza: lugha imekupa maji ya kunde, nawe unahangaika. Chemsha kunde uone rangi ile, hudhurungi yenye wekundu kidogo ndani. Neno limetoka jikoni wala halimpimi mtu kwa Mzungu. Tatizo la riwaya zetu nyingi si msamiati. Ni kwamba kila msichana mzuri ni "mweupe", na mweusi tii ni mlinzi wa getini au mganga. Hata ukitumia neno zuri namna gani, mgawanyo wa kazi utakuumbua. Pitia mswada wako, andika pembeni rangi ya kila mhusika na anachofanya. Utashtuka, mimi nilishtuka na wangu.

Tena usidhani rangi ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa siku zote. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa na ngozi nyeusi na alijihesabu Mwarabu, wala hakuna aliyemshangaa. Asili ilifuata baba. Hata mtoto wa suria, bwana akimkubali, alikuwa muungwana kama baba yake. Kama riwaya yako ni ya zamani, usiwavike watu wa 1880 macho ya leo. Waliangalia baba, kilemba, dini na namna ya kuzungumza. Na "Mwarabu" mwenyewe hakuwa mmoja: Mmanga mwenye kiduka na Mshihiri muuza kahawa hawakukaa jamvi moja na mwenye shamba la karafuu.

La pili: yaache. Mhindi aliyemwita mtumishi wake golo, na Mwafrika aliyemwita jirani yake Mhindi gabacholi, wote walikuwepo na bado wapo. Ukiwasafisha, utakuwa umewatetea. Ila tusi liwe mdomoni mwa mhusika, lisiingie kwenye sauti ya msimulizi. Na liwe na gharama: anayetukanwa afanye kitu, hata kama ni kunyamaza kwa namna ya kuonekana.

Kwa nini Mwalimu Nyerere alikiita kitabu cha Shakespeare Mabepari wa Venisi, na si Wafanyabiashara wa Venisi? (Mstaafu, Mwanza)

Mzee wangu, swali lako limenikosesha usingizi kwa raha. Tafsiri ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na wakati huo bepari alikuwa adui wa kila hotuba. Kwa neno moja tamthilia imehamishwa kutoka soko la Venisi hadi kwenye vita vya matabaka. Shylock, mkopesha fedha ambaye kwa Shakespeare anadharauliwa kwa Uyahudi wake, anakaa chini ya kichwa kinachowashutumu wenye mali wote, Wakristo wakiwemo. Mimi nalipenda hilo. Jina la Shakespeare, The Merchant of Venice, linamtaja mfanyabiashara mmoja, Antonio; jina la Nyerere linawakusanya wote, Antonio na Shylock pamoja.

Lakini kuna kinaya. Bepari ni neno tulilolipata kwa Wahindi, na kwao ni mfanyabiashara tu. Likaja na wenye maduka, likakaa, likachacha, mpaka likawa tusi la siasa. Kwa hiyo Nyerere alitafsiri sawasawa, kwa asili ya neno. Sisi ndio tuliokwishalibadili. Na masikio mengi ya 1969 yaliposikia bepari, yalimwona mwenye duka wa Uhindini kabla ya kumwona mtu yeyote wa Venisi.

Abdulrazak Gurnah anaandika Kiingereza, anaishi Uingereza. Alipopata Nobel mwaka 2021 tulimshangilia kwa lipi? (Msomaji, Mbeya)

Ninyi wa Mbeya mna maneno. Aliondoka Unguja akiwa kijana, baada ya Mapinduzi, na waliomfanya aondoke hawakumuuliza anaandika lugha gani. Sidhani tuna haki ya kumuuliza sasa.

Lakini usinisikilize mimi, soma Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, naye anadhani ni jamaa yake na anamwita hivyo. Hajui kwamba baba yake amemtoa rehani kwa deni. Khalil, mtoto mwingine wa rehani, ndiye anayemwambia: huyu si ndugu yako, mwite Seyyid. Nilipoisoma kwa Kiingereza niliielewa. Nilipoisoma kwa Kiswahili niliikumbuka nyumba moja mtaani kwetu, na mtoto aliyekuwa akila jikoni peke yake huku tukiambiwa ni "mtoto wa ndugu".