Kabla Hujaenda Kufanya Mafunzo kwa Vitendo Ubalozini

Nilipokubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo ya miezi mitatu katika ubalozi mmoja jijini Addis Ababa, nilishona suti mbili na kujisomea sera ya mambo ya nje, nikiamini kwamba ningekaa karibu na meza za mazungumzo. Wiki tatu za kwanza nilizimalizia masijala, nikiandika namba za barua zinazoingia na zinazotoka. Nawaandikia vijana wanaojiandaa kwa safari kama hiyo kwa sababu nilichelewa kutambua kwamba huko masijala ndiko nilikokuwa nikifundishwa kazi.

Balozi nyingi za Afrika zilizoko Addis Ababa hubeba mizigo miwili: huwakilisha nchi zao kwa serikali ya Ethiopia na, wakati huohuo, kwa Umoja wa Afrika, ambao makao makuu yake yako jijini humo. Kwa hiyo karatasi ni nyingi, hasa Februari, marais wanapokutana. Barua rasmi inayotoka ubalozini kwenda wizarani huandikwa kwa nafsi ya tatu, ubalozi ukijitaja kwa jina lake. Hufunguliwa na kufungwa kwa salamu za heshima, na chini hugongwa muhuri na kuwekwa herufi za mwanzo za jina la afisa badala ya saini kamili. Rasimu yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu, kwa kuwa nilikuwa nimeandika kama anayemwomba mjomba nauli. Ombeni ruhusa ya kusoma nakala za zamani zisizo za siri, mzinakili kwa mkono hadi muundo wake uwakae kichwani.

Kosa langu kubwa lilihusu saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, hivyo saa tatu yao ya asubuhi ndiyo yetu. Nilipotumwa kupanga gari la kumpokea mgeni katika uwanja wa ndege wa Bole saa tatu asubuhi, nilimwambia dereva kwa Kiingereza, na kwa hesabu ya Kizungu, kwamba awe pale saa tisa. Naye alifika saa tisa alasiri, wakati mgeni alikwisha kuchukua teksi na kuingia ofisini amenuna. Laiti ningefikiri kwa Kiswahili! Tangu siku hiyo sikuandika miadi bila neno asubuhi au alasiri, na tarehe niliziandika kwa kalenda zote mbili, maana ile ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane.

Kuhusu fedha, ulizeni kwa maandishi kabla ya kusafiri kama kuna posho, na msishangae mkijibiwa kwamba haipo. Ulizeni pia aina ya viza mtakayoingia nayo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia hulinda nyaraka za ubalozi popote zilipo, lakini msidhani kwamba kukaa miezi mitatu karibu na nyaraka hizo kunawapa ninyi kinga ya kidiplomasia. Picha za dawatini msipige kabisa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni dirisha la kuhudumia wananchi. Mama mmoja aliyekwama safarini alifika bila pasipoti, akihitaji hati ya dharura ya kusafiria. Afisa alimwagizia chai kwanza, kisha akaniachia mahojiano ya awali ya kuhakiki uraia wake. Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza shule aliyosoma, jina la mwenyekiti wa kijiji chake, na mto unaopita karibu na kwao. Alijibu yote, tena alinisahihisha matamshi ya jina la mto. Jalada lake nililifungua mwenyewe, nikaliandikia namba bila kumwuliza mtu.