Ombi la wiki nne kwenye miswada ya tenzi: uandike nini?

SWALI: Asalaam aleikum. Ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, Tanga mjini. Nachunguza tenzi za dini zilizotungwa pwani yetu, zilivyonakiliwa na zilivyoghaniwa. Vyuo vikuu kadhaa vya nje vinatoa ufadhili wa wiki nne kwa mtafiti wa dini na sanaa atakayetumia makusanyo ya maktaba zao. Fomu inataka maelezo ya mradi, mpango wa kazi, bajeti na barua mbili za wadhamini. Mara ya kwanza nilieleza kwa kirefu umuhimu wa tenzi katika jamii, nikakosa. Kilipungua nini?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Kwa ulivyoeleza, zilipungua namba za miswada, zile ambazo maktaba hutambulishia kila muswada. Ufadhili wa muda mfupi hulipia siku zako ndani ya chumba cha kusomea, na wanaopitia maombi huuliza mambo mawili kabla ya mengine: atafungua kitu gani hasa katika maktaba yetu, na kwa nini asikisome akiwa kwao? Umuhimu wa tenzi unatosha sentensi mbili. Sentensi ya tatu ieleze utenzi ni nini, maana mezani wanaweza kuwepo wataalamu wa michoro ya makanisa au wa muziki wa Ulaya.

Kaa basi na orodha za makusanyo kabla hujaandika neno. Tuchukue SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika katika Chuo Kikuu cha London, ambako wengi hukimbilia. Pale zipo karatasi za W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens na Jan Knappert, watafiti wa Kiswahili wa zamani. Za Taylor na Hichens zimeelemea Mombasa na Lamu, kwa hiyo usiahidi Tanga kabla hujaiona kwenye orodha. Halafu sehemu ya miswada hiyo imeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Ukiomba nauli ya kwenda kusoma kitu kinachofunguka kwenye simu, ombi limekufa. Taja wazi ulichokwisha kukisoma mtandaoni, kisha onyesha kilichobaki: muswada ambao haujapigwa picha, au jambo ambalo picha hailionyeshi, kama alama za kiwandani zinazoonekana karatasi ikielekezwa kwenye mwanga, mishono ya daftari, wino wa mwandishi wa pili pembeni mwa beti.

Kabla ya London kuna Dar es Salaam. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti, na katalogi yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Anayeandika kuhusu tenzi za Tanga, nchi ya mtunzi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, bila kuonyesha ameipitia katalogi hiyo, anajipunguzia alama mwenyewe. Kwa maoni yangu siku tatu Dar es Salaam zinaliongezea ombi lako uzito kuliko kurasa kumi za nadharia, kwa kuwa utaweza kusema nakala ipi ya huko unataka kuilinganisha na ipi ya huku.

Unapotafuta kwenye katalogi za nje, badilisha tahajia. Jaribu Swahili, Suaheli, Suahili na Kiswahili; Bagamoyo na Bagamojo; utenzi, utendi na utenḏi. Jina la Tanga mara nyingi halipo kabisa. Nyaraka za UMCA, misheni ya Waanglikana, zilizoko maktaba ya Bodleian huko Oxford, zina mambo mengi ya Magila na Bonde, huku kwetu Tanga, lakini kikanisa eneo hilo lilikuwa chini ya Dayosisi ya Zanzibar, na huko ndiko utakakolikuta. Za Wajerumani tafuta chini ya Usambara na Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Sasa hesabu ya siku, ambapo maombi mengi huharibika. Wiki nne ni siku 20 za kazi. Toa moja ya usajili, moja ya mwisho ya kuhakiki namba, na mbili za kusubiri maboksi yanayohifadhiwa nje ya jengo. Zimebaki 16. Muswada wa utenzi kwa hati ya Kiarabu mara nyingi una ubeti mmoja kila mstari, vipande vinne vimetandazwa kwa upana wa ukurasa. Ukurasa ukiwa na mistari 15, utenzi wa beti 600 ni kurasa 40. Na hati za zamani hazikimbiliki: herufi ba inaweza kusimama kwa b, p au mb, fa kwa f au v. Kila kipande unakipima kwa mizani minane na kwa kina chake cha mwisho kabla hujaamua. Kurasa nane kwa siku ni mwendo wa mtu makini, yaani siku tano kwa utenzi mmoja. Siku 16 zinabeba tenzi tatu. Ukiahidi kumi na mbili, mtu anayeijua hati hiyo atajua hujawahi kuinukuu kwa herufi za Kilatini.

Mpango wa kazi uandike hivi: “Siku ya pili hadi ya sita: muswada (namba), kurasa 40, kuunukuu wote na kuulinganisha na nakala ya Dar es Salaam (namba), hasa beti za mwisho ambazo nakala hizo mbili zinatofautiana.” Namba mbili, kurasa, sababu. Kama unataka kanda za sauti, mwandikie mkutubi mapema, kwani kanda ambayo haijahamishiwa kwenye kompyuta huenda usiruhusiwe kuisikiliza. Jibu lake lipe mstari mmoja kwenye ombi.

Wewe pia una kitu ambacho wao hawana: unazijua mahadhi za kughani na unaisoma hati. Ahidi kuwaachia maelezo yaliyosahihishwa ya kila muswada utakaoufungua, yaani mtunzi, mnakili, idadi ya beti na ubeti wa kwanza.

Barua za wadhamini: mmoja awe amekuona ukisoma miswada. Cheo cha mkuu wa taasisi asiyejua kazi yako hakisaidii.

Bajeti. Uliza fedha inalipwa lini. Mahali pengine hutolewa baada ya kufika, na tiketi unainunua mwenyewe. Marekani, fedha ya ufadhili kwa mgeni mwenye viza ya J, ile ya wageni wa kubadilishana masomo na utafiti, hukatwa kodi asilimia 14, na Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Dola 3,000 zinabaki 2,580. Ingia kwa kundi la mtafiti wa muda mfupi, ambalo kikomo chake ni miezi sita bila kuongezwa, na uliza masharti ya viza kwa Watanzania yalivyo wakati huo, maana yamekuwa yakibadilika.

Kama umeajiriwa serikalini, kibali cha kusafiri nje hupitia kwa mwajiri, kianze mapema. Na usichague likizo ya Desemba. Wiki ya mwisho ya mwezi huo maktaba nyingi za Ulaya na Marekani hufungwa, nawe utakuwa unalipa chumba huku mlango umefungwa. Omba kwenda Juni.