Utakatifu wa Kununa Haunisaidii

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, natamani kuishi vizuri na Mungu, ila vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) ninaowaona wote wamenuna. Na mimi lazima ninune?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala, kisha nikanyamaza. Miaka minne iliyopita, aliyenuna alikuwa mimi.

Nilikuwa katibu wa vijana parokiani. Misa ya kwanza nipo, mazoezi ya kwaya nipo. Njia ya Msalaba nabeba msalaba vituo vyote 14, sitaki mtu anipokee. Msichana akija na sketi fupi, nasema. Jamaa akichelewa mazoezi, nasema. Rozari niliivaa juu ya shati ionekane. Kuisali ilikuwa habari nyingine.

Ukaja uchaguzi. Katika kura 43 nikapata 6, na moja nilijipigia mwenyewe. Baadaye nikasikia eti nimekula hela za sare za kwaya. Si kweli. Daftari la mapato ninalo mpaka leo, risiti zimebanwa kwa pini, anayetaka aje aone. Hakuna aliyeniomba radhi. Nimesamehe, ila ijulikane.

Nikasusa miezi minane. Jumapili nilikuwa nalala tu.

Siku moja mama mwenye nyumba akanigongea: "Baba, kesho jumuiya iko kwangu, viti havitoshi, nisaidie kubeba benchi kutoka kwa jirani." Jumamosi saa 12:30 asubuhi nikabeba benchi, nikaliweka uani, kabla sijageuka watu wameshakaa na mimi nimebanwa katikati. Ikasomwa Injili, tukasali, ikaja chai na maandazi. Mzee mmoja alianzisha wimbo juu mno, sauti ikamkatikia njiani, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akafuta machozi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Kwaresima hiyo nikaenda kuungama. Mbele yangu bibi mmoja amejifunga khanga, anahesabu rozari taratibu. Nami nimejiandaa kama naenda mahakamani. Nikamweleza padri yote: uchaguzi, fitina, sare. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hizo ni za wenzako. Zako ziko wapi?"

Nilikaa kimya, najua ni muda mrefu kwa sababu foleni nyuma ilianza kukohoa. Malipizi yake: niwaombee walioninyima kura. Kura ni za siri, kwa hiyo ikabidi niwaombee wote 42. Nilitoka pale nacheka.

Basi dada yangu, sikiliza, na wengine mnaonuna msikilize. Ungama, usisubiri Kwaresima. Nenda jumuiya, hata kama ni kwa kubeba benchi. Ungama tena. Mtakatifu Kizito, mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi 22 wa Uganda, alikuwa na miaka kama 14 walipompeleka Namugongo mwaka 1886. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alikuwa amembatiza kama wiki moja tu kabla ya kuchomwa moto, na waliomwona njiani walisimulia kwamba alikuwa akicheka na kupiga soga. Pier Giorgio Frassati, kijana wa Italia aliyetangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025 pamoja na kijana mwenzake Carlo Acutis, alikuwa mpanda milima na mtani mkubwa, akafa na miaka 24. Hao ndio wakubwa wetu. Sasa wewe wa kwaya, uliyepata sare mpya juzi, unamnunia nani?

Siku hizi Misa ya asubuhi sikosi, na wale 42 nawaombea kwa zamu, mmoja kila siku kabla sijapanda gari. Wengi nimewazoea, wengine tunasalimiana vizuri. Ila zamu ya aliyeanzisha habari za sare ikifika, Salamu Maria yake bado inatoka mbio mbio.