Ujumbe wa kosa unaposema kilo haipo na kilo umeiweka

Juni iliyopita nilikesha na kosa moja hapa Uyole, Mbeya, kwenye baridi ile inayopenya hadi ndani ya blanketi. Nilikuwa naandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya mama mmoja anayenunua viazi mashambani: unaweka kilo, inakupa bei. Nilitaka tuhesabu kilo, siyo gunia, maana lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kiasi, inamuumiza mkulima na jambo hilo linanikera sana.

Ndani ya klasi Mzigo, yaani ramani ya kutengenezea mizigo, kulikuwa na fankisheni (kipande cha kazi unachokiita kwa jina) bei(self, kilo); self ni mzigo wenyewe unaohusika. Nikaiita: mzigo.bei(90). Kompyuta ikasema inakosekana agumenti moja ya lazima, yaani thamani unayoipa fankisheni, nayo ni kilo. Kilo gani tena, wakati 90 ile pale? Nikaibadili ikawa 90.0. Nikabadili jina kilo likawa uzito, ikadai uzito. Mwisho nikafuta Python nzima na kuiweka upya.

Asubuhi rafiki yangu alipanda kwa macho mistari mitatu juu. "Kaka, mabano yako wapi?"

Nilikuwa nimeandika mzigo = Mzigo, badala ya mzigo = Mzigo(). Mabano ndiyo hutengeneza mzigo halisi kutoka kwenye klasi. Kwa hiyo mkononi sikuwa na mzigo wowote, nilikuwa na klasi yenyewe. Ukiita kupitia kitu halisi, Python huijaza self yenyewe. Ukiita kupitia klasi, haijazi. Ile 90 yangu ikaenda kukaa kwenye kiti cha self, na kiti cha kilo kikabaki wazi. Python ilitaja kiti kilicho wazi. Aliyekaa pasipo pake haikumtaja.

Kosa hili lina ndugu yake. Ukisahau kuandika self kwenye fankisheni, utaambiwa umepeleka agumenti mbili, na wewe umepeleka moja tu.

Siku hizi ujumbe wa aina hii ukinitokea, siugusi kwanza mstari unaolalamikiwa. Naandika print(type(mzigo)), kuuliza mzigo ni kitu cha aina gani. Jibu likitaja Mzigo, kitu kipo, natafuta kwingine. Likitaja type, mabano yamesahaulika.

JavaScript, lugha nyingine ya programu, naiogopa zaidi, kwa sababu agumenti ikikosekana hainung'uniki. Inaweka undefined, yaani hakuna thamani, na kusonga mbele. Ukiizidisha kwa bei unapata NaN, yaani "si namba", nayo utakutana nayo kwenye risiti, mbali kabisa na ulipokosea. Huko nakagua kilo mstari wa kwanza wa fankisheni. Ikiwa haipo, nasimamisha kila kitu na kuandika kwa Kiswahili: "Hujaweka kilo za viazi." Yule mama anausoma mwenyewe, anarudi kwenye mizani, bila kunipigia simu.