Kabla Hamjaandika Jabali Jingine la Lukenya

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya mgunga kule Lukenya, mlima wa majabali karibu na Nairobi, nikawatazama vijana wanne wakilisugua jabali kwa burashi na kujaribu kulipanda tangu asubuhi hadi likakubali. Kisha mmoja wao akatoa simu na kuandika: "Jabali kubwa, kushoto kwa mti, 6A." Niliwapenda kwa juhudi yao, na papo hapo nikatamani kuwanyang'anya ile simu. Mti upi, katika mlima wenye migunga kila upande? Na kushoto kwa nani? Haya nawaandikia ninyi mlioanza karibuni kuorodhesha njia fupi za magodoro, yaani zile zinazopandwa bila kamba, godoro la kuangukia likiwa chini, kwa kuwa naona mnayarudia makosa yetu moja baada ya jingine.

1. Kushoto na kulia ni kwa mtu aliyeuelekea mwamba. Jambo hili halina mjadala.

2. Chagueni mfumo mmoja wa madaraja, yaani alama za ugumu wa njia, na mwandike herufi zake kama zilivyo. 6A ya Fontainebleau, yenye herufi kubwa, ni daraja la majabali na inakaribia V3 ya mfumo wa Kimarekani. 6a yenye herufi ndogo ni daraja la Kifaransa la njia za kamba, nayo ni nyepesi zaidi. Mtu aliyezoea kamba akilisoma daraja lenu vibaya, atalifikia jabali akitarajia mapumziko, aondoke na ngozi ya vidole imechubuka bila kujua kosa ni la nani.

3. Mkiandika "kuanza kwa kukaa", tajeni kila mkono unashika wapi.

4. Vipimo vya mahali, yaani latitudo na longitudo. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo nilipokosea kosa ambalo bado linaniuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiorodhesha majabali ya upande mmoja wa mlima, nikiwa na kifaa cha GPS na ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000. Ramani hizo zilichorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, kwa hiyo nilikiweka kifaa katika datamu hiyo ili vipimo vilingane na karatasi, na hapo nilikuwa sahihi. Wiki iliyofuata kifaa changu kiliharibika, nikaazima cha mwenzangu, ambacho kilikuwa katika datamu ya WGS 84 kama zilivyo simu zenu zote. Nikavinakili vipimo vya siku zote mbili katika daftari moja, safu moja, bila kuandika datamu. Nilijua kabisa kwamba hapa Kenya tofauti ya datamu hizo mbili ni takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Nilijiambia kwamba nitasahihisha nikifika nyumbani, kisha nikaigawa orodha kabla ya kusahihisha.

Katika uwanda wa Athi, mita 300 ni umbali wa kupungiana mkono. Lukenya, mita 300 zinaweza kukupeleka upande wa pili wa mgongo wa mlima, usikoonekana wala kusikika. Jumapili moja binti mmoja aliangukia ukingoni mwa godoro na kuvunjika kifundo cha mguu. Mwenzake alifanya kila kitu ipasavyo: alimtuliza, akaufunga mguu, akapiga simu na kuwasomea wabeba machela vipimo vya jabali kutoka katika orodha yangu. Walivitia katika simu zao na kuvifuata kwa uaminifu hadi kwenye kichaka kitupu. Waliita, upepo ukameza sauti zao. Nilikuwa nyumbani Nairobi waliponipigia na kuniambia, "Hapa hakuna jabali lolote." Nikafungua daftari na kuona wino wa buluu wa wiki ya kwanza na wino mweusi wa wiki ya pili, nikaelewa kabla hawajamaliza kuzungumza. Walimfikia baada ya saa moja na nusu zaidi ya ilivyostahili, jua likiwa linatua. Binti yule alipona na bado anapanda, na hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Mimi nilizitumia Jumamosi nne zilizofuata kupima upya kila jabali, peke yangu.

Basi andikeni "WGS 84" kando ya kila kipimo, hata mkiona ni kurudia. Msisahau alama ya kutoa katika latitudo, maana bila hiyo jabali lenu linavuka ikweta na kuhamia Samburu. Ongezeni maelezo ya kutembea kwa miguu kuanzia maegeshoni, kwa sababu betri huisha.

5. Pigeni picha jabali lote likiwa kivulini. Nusu jua nusu kivuli huficha vishikio.

6. Kabla ya kulipatia jabali jina, waulizeni wazee. Mountain Club of Kenya ilianzishwa mwaka 1949, na wanachama wake wamepanda Lukenya kwa miongo mingi. Njia mnayodhani ni mpya huenda mtu aliipanda kwa viatu vya ngozi kabla wazazi wenu hawajaoana. Kama hamkupata jibu, andikeni kwamba mpandaji wa kwanza hajulikani.

7. Msichimbe ardhi chini ya mapango ili kusawazisha mahali pa godoro. Wanaakiolojia wamepata humo zana za Enzi ya Mwisho ya Mawe, na udongo ukishavurugwa haurudishwi. Mkiona nyuki katika ufa, andikeni ufa upi na tarehe mliyowaona.

Jumamosi hii nitakuwa maegeshoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaupiga uso wa mashariki. Kijana wa ile simu nimeshamwalika. Tutaanza na jabali lake, na mti wake nao tutaupima.