Mchana mwanzi, usiku bahari: maswali yenu kuhusu fasihi ya Ufilipino

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi kwa wanafunzi na walimu wa Arusha na Moshi wanaohangaika na somo la fasihi ya Asia, na karibu zote zimeangukia Ufilipino. Tumechagua tano.

Nina insha ya maneno 2,500: "Fasihi ya Kifilipino kwa Kiingereza, kuanzia simulizi hadi sasa." Nina wiki 6. Nianzie wapi? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Moshi)

Anzia kwenye hilo jina, maana lina mtego. Kifilipino ni lugha, ile ya taifa iliyojengwa juu ya Kitagalogi na kutajwa kwa jina hilo katika katiba yao ya 1987. Anayeandika kwa Kiingereza anaandika fasihi ya Ufilipino, si fasihi ya Kifilipino. Ni ubishi uleule tulionao sisi kuhusu fasihi ya Waswahili na fasihi kwa Kiswahili. Umalize kwa aya moja, usiupe kurasa mbili.

Wiki usizigawe sawasawa. Vitendawili na methali, wiki moja. Utendi, wiki moja, na uchukue mmoja tu. José Rizal, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19, wiki moja, sura chache. Hadithi fupi zipe wiki mbili, kwa sababu huko ndiko Kiingereza chao kilikokomaa mapema. Ya sita ni ya kuandika. Maneno 2,500 hayabebi karne nne, kwa hiyo shika kitu kimoja (mizani, safari, mnyama, mkeka, chochote kile) ukifuate kutoka simulizi hadi riwaya. Insha nyingi za mada hii huharibika kwa kuwa orodha ya majina na miaka.

Na tahadhari moja: José Rizal hakuandika riwaya zake kwa Kiingereza. *Noli Me Tangere* (Berlin, 1887) na *El filibusterismo* (Ghent, 1891) ni za Kihispania, naye alipigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, kabla Wamarekani walioleta Kiingereza hawajafika. Unachosoma bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ni tafsiri ya Charles Derbyshire ya 1912. Pakua faili la maandishi matupu, halili bando. Ukinukuu, mtaje mfasiri, na usisifie "Kiingereza cha Rizal".

Nafundisha vitendawili vya Kitagalogi nikivilinganisha na vyetu. Vina havikai hata kidogo. Nimepewa nakala mbovu? (Mwalimu wa sekondari, Marangu)

Nakala huenda ni nzima. Sikio ndilo linalosikiliza kwa kanuni za Kiswahili. Chukua hiki, ambacho mwanafunzi wako atakitegua kabla ya yule wa New York:

*Bungbong kung liwanag,*
*kung gabi ay dagat.*

Kukipa Kiswahili ni rahisi: mchana mwanzi, usiku bahari. Jibu ni mkeka. Mchana umekunjwa na kusimamishwa pembeni kama kipande cha mwanzi, usiku umetandazwa sakafuni.

Sasa hesabu mizani kwa kugonga dawati: bung-bong-kung-li-wa-nag, sita, kung-ga-bi-ay-da-gat, sita. Imekaa. Kina ndicho kinachosumbua, kwa sababu sisi tunataka silabi ya mwisho ifanane yote, na *-nag* na *-gat* hazifanani. Kwa Kitagalogi cha jadi inatosha irabu ya mwisho iwe moja na konsonanti zinazofunga silabi ziwe za kundi moja. Kundi la kwanza ni b, d, g, k, p, s, t. La pili ni l, m, n, ng, r, w, y. Hapa irabu ni *a* na *a*, konsonanti ni *g* na *t*, zote za kundi la kwanza, basi kina kimetimia. Badala ya *dagat* ungeweka neno linaloishia *-an*, kingevunjika. Maneno yanayoishia kwa irabu nayo yana sheria yake: lenye mkato wa koo mwishoni halipatani na lisilo nao.

Baada ya hapo waoneshe bahari zao, yaani aina zao za mashairi. *Tanaga* ina mistari 4 yenye mizani 7 kila mmoja. *Korido* ni mizani 8 kwa mstari, yaani hesabu ileile ya utenzi wetu, na wanafunzi hufurahi kuigundua wenyewe, kwa hiyo usiwaambie mapema. *Awit* ni 12, ikipumua kwenye ya 6, kama tarbia yetu ya 16 inavyokatika kwenye 8. Shairi lao maarufu la bahari hiyo ni *Florante at Laura* la Francisco Balagtas, 1838.

Kosa kubwa darasani ni kuhesabu mizani ya tafsiri ya Kiingereza. Hapo huhesabu kitu cha Wafilipino, unahesabu kazi ya mfasiri. Weka mstari wa asili ubaoni hata kama hakuna anayejua maana ya neno hata moja. Wakiuliza vilitegwa wapi, usiishie kwenye watoto na jioni. Huko michezo ya kushindana kwa mafumbo na mashairi, kama *karagatan* na *duplo*, ilichezwa matangani watu wakikesha na marehemu.

Lam-ang ni utendi wa kabla ya Wahispania? Vitabu viwili vinanijibu tofauti. (Msomaji, Sakina, Arusha)

Masimulizi ni ya kale, lakini matini unayosoma imepita mikononi mwa Wahispania. Tazama majina: baba wa shujaa ni Don Juan, na harusi ya Lam-ang na Ines Kannoyan inafungwa kanisani. Mtoto anayezaliwa akiongea na kujichagulia jina, anayemezwa na samaki kisha kufufuliwa kutokana na mifupa yake, huyo ni wa zamani zaidi ya padri yeyote. Isabelo de los Reyes aliuchapisha utendi huu wa Wailokano, watu wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, mwaka 1890. Andika hivi: "simulizi ya jadi, katika matini ya enzi ya Wahispania."

Ukitaka utendi ulioguswa kidogo zaidi na kanisa, nenda kwenye *hudhud* ya Waifugao, wale wa matuta ya mpunga kaskazini mwa Luzon. Huimbwa wakati wa kupanda, wa kuvuna na matangani, na wanaoongoza kwa kawaida ni wanawake. UNESCO inataja nyimbo zaidi ya 200, kila moja ikiwa na sehemu 40, na kuuimba wote kunaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo kurasa kumi ulizonazo si "hudhud". Ni kipande cha uimbaji mmoja.

Imekuwaje wakaandika Kiingereza upesi hivyo, ilhali Wahispania walikaa karne tatu? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Shule. Wahispania walitawala tangu 1565 hadi 1898 bila kuwafundisha watu wengi Kihispania. Mapadri wengi walihubiri kwa lugha za wenyeji. Wamarekani walifungua shule za umma kwa Kiingereza tangu mwanzo. Agosti 1901 meli *Thomas* ilishusha Manila walimu takriban 500, ndiyo maana wakaitwa *Thomasites*. Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzishwa 1908. Mwaka 1925 Paz Marquez Benitez alitoa "Dead Stars", hadithi fupi ambayo hadi leo hutajwa kama ya kwanza iliyokomaa kwa Kiingereza. Miaka 24 tangu meli itie nanga!

Ila usiisimulie kama neema. Mwezi mmoja tu baada ya meli hiyo, Septemba 1901, ndipo yalipotokea mapambano ya Balangiga kisiwani Samar, wenyeji walipowashambulia askari wa Marekani, na kisasi cha jeshi la Marekani kikafuata. Darasa na bunduki vilikuja pamoja. Mwandishi Mfilipino Gina Apostol amelirudia jambo hilo katika riwaya yake *Insurrecto* (2018), tena kwa Kiingereza kilekile, na hapo una mwisho mzuri wa insha kuliko kuorodhesha tuzo.

Nilichambua hadithi ya Manuel Arguilla kuhusu kaka Leon anayemleta mke nyumbani. Nikaandika kuhusu uzuri wa mandhari, nikapata alama chache. Nimekosa nini? (Mwanafunzi, Moshi)

Mandhari pale ni mtihani, umeyachukua kama picha. Baba ndiye aliyeagiza wapitie Waig, mkondo wa mto wenye mawe, badala ya barabara kuu, na wapande mkokoteni wa fahali Labang badala ya gari la farasi. Anampima bibi harusi wa mjini bila kumwambia. Rudia hadithi ukiwa na kalamu, upigie mstari kila anachofanya Maria, huyo bibi harusi, njiani: anavyomgusa Labang kwenye paji la uso, anavyotazama nyota, anavyoimba pamoja na mumewe.

Kisha fuata majina. Msimulizi, Baldo, mdogo wake Leon, humwita kaka yake *Manong*, neno la heshima la Kiilokano. Maria anamwita mumewe Noel, yaani Leon lililosomwa kinyume. Mtu mmoja ana jina la mjini na jina la kijijini, na safari nzima ni ya kutoka kwenye moja kurudi kwenye jingine. Andika aya mbili juu ya hilo pekee. Halafu nenda ukurasa wa mwisho, pale baba gizani anapomhoji Baldo kama mkwewe alimwogopa fahali, uhesabu ni maswali mangapi anayouliza kabla hajataka kujua lolote kuhusu mwanawe.