Muulize Fundi wa Maji: Kisima kimeingia chumvi

SWALI: Shikamoo babu. Tangu jirani afunge pampu ya umeme, kisima chetu hapa Mwambani, Tanga, kinatoa maji ya chumvi. Kijana mmoja amekuja na kompyuta, anasema inaonyesha maji ya chini. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kompyuta haioni kitu, inapiga hesabu tu. Ardhi hukatwa vijisanduku kama trei ya mayai, kisha programu huhesabu kila kisanduku kinampa mwenzake maji kiasi gani, kwa kanuni ya Mfaransa Henry Darcy ya mwaka 1856. Programu iitwayo MODFLOW, ya Marekani, hufanya hivyo, na hutolewa bure.

Chumvi ina hesabu yake. Maji matamu ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari. Matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna matamu kama mita 40. Jirani akiyashusha nusu mita tu, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 20!

Ila pwani yetu ina mawe ya matumbawe, yana nyufa na mapango, na hesabu ya vijisanduku hukosea penye mapango. Muulize kijana: alishusha kamba kupima kina cha maji kwenye visima vingapi? Mimi nafunga nati kubwa nchani, nikisikia chubwi napima urefu wa kamba. Kama hakupima hata kimoja, mpe chai aende zake.

Wewe anza leo: pima kina cha maji kisimani alfajiri kabla pampu haijawashwa, tena jioni, na uandike kama bahari imejaa au imekupwa. Siku za bamvua usikose.